Chupa Iliyolala na Kambale

Kila asubuhi, kabla hajafungua zizi, Masanja alifika kwenye mlango wa chumba cha bintiye na kukohoa mara moja. Nyamizi alijua maana yake. Alitoa mguu nje ya shuka. Baba yake alichuchumaa, akaweka kidole gumba kwenye ugoko, akabonyeza kwa muda, kisha akakiondoa na kutazama. Ngozi ikirudi mahali pake alisema, "Haya, amka," akaenda kwa ng'ombe wake. Kikibaki kishimo alisema vile vile, "Haya, amka," lakini siku hiyo hakunywa uji.

Alimwona daktari mmoja wa Dar es Salaam akibonyeza hivyo, akaichukua kazi hiyo ikawa yake. Ndivyo alivyojifunza karibu kila kitu. Alizaliwa Meatu, akashuka bonde la Kilombero angali kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake, na alipofika Mkula wenyeji walimwita mgeni. Baadaye wakamwita Msukuma. Mbuzi wao walipoanza kuumwa wakamwita Mzee Masanja, wakaja kumgongea asubuhi na mapema wakiwa wamevaa kandambili zenye matope. Alikuwa akimtazama mnyama jinsi anavyosimama tu, akasema huyu tumbo, huyu kwato, huyu mmemchelewesha, mchinjeni. Mara nyingi alikuwa sahihi, na kwa hiyo alizoea kuwa sahihi.

Kuna jambo moja alilojifunza kwa hasara. Mwaka ulioingia homa ya mapafu ya ng'ombe, mchanjaji alikuja kwa pikipiki mchana wa jua kali, barafu yote ya kwenye kasha ikiwa maji. Akachanja hivyo hivyo. Ng'ombe wakakohoa, wakakonda, wakaanguka mmoja mmoja mpaka harufu ikawafukuza majirani. Baadaye bwana mifugo alimpeleka Masanja ofisini kwake, akafungua friza na kumwonyesha chanjo zilivyoganda kama mawe. Hivi ndivyo zinavyotakiwa kukaa, alimwambia. Ikiyeyuka njiani, utakuwa umechoma maji.

Toka siku hiyo hakuna sindano iliyogusa ng'ombe wa Masanja kabla yeye mwenyewe hajatia mkono ndani ya kasha. Asipokuta barafu, alimfukuza mchanjaji mbele za watu.

Nyamizi alikuwa kitinda mimba wake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa maneno machache, na figo zake zilipofeli alikuwa bado hajamaliza hata mwaka kazini. Walipimwa ndugu. Kaka yake Ngusa hakufaa. Mama yao, Kabula, alikuwa na presha. Masanja akafaa.

"Mimi ninazo mbili," aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Hiyo nyingine ilikuwa inafanya nini siku zote hizo? Inakula bure."

Baada ya upasuaji daktari aliwakalisha wote wawili na kuwaeleza kwamba mwili wa Nyamizi utaiona figo ile kuwa mgeni, utataka kuifukuza, na dawa ndiyo itakayouzuia. Nyamizi aliitikia kwa kichwa. Masanja aliuliza maswali mpaka daktari akatazama saa. Waliporudi nyumbani alimweleza mkewe kwa namna yake.

"Ni kama ndama aliyefiwa na mama. Ukimpeleka kwa ng'ombe mwingine anapigwa teke. Lakini kama ng'ombe yule naye amefiwa na ndama, unachukua ngozi ya yule aliyekufa, unamfunga nayo huyu yatima mgongoni. Ng'ombe ananusa, anasema huyu wangu, anamnyonyesha. Dawa ndiyo ngozi."

"Na ngozi inavuliwa lini?" aliuliza Kabula.

"Ya ng'ombe unaivua akishazoea. Hii haivuliwi."

Kwanza ngozi hiyo ilikuwa vidonge. Vidonge vikamtetemesha Nyamizi mikono hata chaki ikawa inamponyoka, na watoto wa darasa la tatu wakawa wanaiga. Madaktari wakambadilishia. Akabaki na vidonge vichache, na mara moja kwa mwezi akawa anachomwa dawa ya sindano, inayopita kwenye dripu taratibu hospitalini Ifakara. Dawa yenyewe ilitoka Dar kwa basi, ndani ya kasha la baridi, chupa ndogo isiyojaa kiganja. Nesi Mariana alikuwa anatuma mtu kuipokea stendi. Nyamizi na baba yake walikuwa hawaigusi. Waliikuta tayari inaning'inia.

Nyamizi aliipenda siku hiyo ya mwezi, ingawa hakumwambia mtu. Alikaa kwenye kiti na kitabu chake, baba yake akikaa pembeni akisimulia wagonjwa wengine habari za ng'ombe, na matone yakishuka alihisi kwamba kwa mwezi mwingine hadaiwi kufanya lolote.

Kisha zikaja mvua za mwaka huu. Maji yalikata barabara mbele ya Mkula, upande wa Ifakara, na magari yakapanga foleni kwenye vibanda vya wauza mahindi. Kondakta wa basi, aliyemfahamu Masanja, akampigia simu.

"Mzee, kuna kasha lenu la hospitali hapa. Sisi hatuvuki. Njoo ulichukue, barafu yake imekwisha."

Nyamizi alikuwa amelala, mwili mzito kwa mafua. Alijaribu kumpigia Mariana, simu haikushika. Baba yake alikuwa ameshavaa koti la mvua.

"Baba, subiri kwanza nimpate nesi..."

"Nesi wa nini? Wa kuniambia dawa inataka baridi?" Masanja alicheka. "Baridi naijua mimi, mwanangu. Lala."

Alirudi amelowa na uso umekunjuka. Kasha alikuwa nalo mkononi, tupu.

"Nimeiacha kwa Serafina. Imelala vizuri, hata huko Ulaya haijawahi kulala hivyo."

Serafina aliuza soda na samaki kando ya barabara, mama wa Kipogoro mwenye sauti ya kusikika ng'ambo. Alikuwa na majokofu mawili, moja la kioo la soda na moja la kulala chini la kugandishia samaki. Nyamizi alijenga picha kichwani ya chupa ile imesimama kati ya soda za machungwa, akaridhika, akageukia ukutani. Angeweza kuuliza. Nyumbani kwao mtoto hamhoji baba jambo alilokwisha kulimaliza, na yeye hata barabarani hakuwa mwepesi wa kuuliza watu njia.

Kila siku, maji yakiwa bado hayajapungua, Masanja alitembea mpaka kwa Serafina kuitazama dawa. Alirudi akisema, "Ipo," kama anayetoka kumtazama ng'ombe anayekaribia kuzaa.

Siku barabara ilipofunguka walikwenda wote. Serafina aliwaona kwa mbali, akaweka mikono kiunoni.

"Msukuma, njoo umtoe mgeni wako! Kambale wangu wamechoka kulala mzungu wa nne."

"Kambale wako wana bahati, Mpogoro. Wamelala na daktari."

Serafina akainua kifuniko. Alisogeza kambale mmoja, akasogeza wa pili, akatia mkono mpaka kwapani, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani yake ilikuwamo ile chupa, nyeupe kwa umande ulioganda. Masanja aliigonga kwa ukucha, ikalia kama kokoto.

"Umeona?" alimwambia Nyamizi. "Jiwe."

Nyamizi aliona. Hakuwa na hakika, hakuna aliyewahi kumwambia, lakini alikumbuka kwamba kila mwezi waliikuta chupa ile inaning'inia ikiwa na maji yanayochezacheza. Alimtazama Serafina, na Serafina akatazama pembeni. Watu walikuwa wengi kibandani, wanakunywa soda, wanamsalimia baba yake kwa heshima. Nyamizi akamshikia baba yake kasha. Masanja akaiweka chupa ndani ya kasha, akaongeza barafu ya Serafina juu yake, wakapanda gari la jirani aliyekuwa akipeleka mpunga mashineni.

Lile gari lilikwama, likasukumwa, likakwama tena. Walipoingia hospitalini barafu ilikuwa maji.

"Shikamoo, baba," alisema Mariana.

"Marahaba, binti yangu. Leo tumekuletea wenyewe, mkono kwa mkono."

Mariana alicheka, akapangusa chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza polepole. Akaacha kucheka.

"Ilikaa wapi hii?"

"Mkula, kwa mama mmoja. Kwenye friza ya samaki. Usiogope harufu, niliifunga nailoni." Masanja alijivuta kitini. "Iliganda vizuri, binti. Ukiigonga inalia."

Mariana aliiweka chupa mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai lililopasuka.

"Baba, hii haigandishwi. Ikiganda imekufa."

"Mbona imeyeyuka?"

"Imeyeyuka, lakini si dawa tena. Njoo uone."

Masanja alisogea. Ndani ya maji yale kulikuwa na vinyuzi vyeupe vinavyopanda na kushuka. Yeye alivijua mara moja, na Nyamizi alimwona anavijua. Vilikuwa kama vya maziwa yanayoanza kukatika.

"Ya homa ya mapafu inagandishwa," alisema kwa sauti ndogo. "Bwana mifugo alinionyesha mwenyewe."

"Ile ni ya ng'ombe, baba. Ile ni unga, wanaichanganya baadaye. Hii inataka friji la kawaida tu. La soda lingetosha."

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo kijana mmoja, Evod, dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu, ambaye alikuwa amesikia kila neno. "Mzee," alisema, "kumbe ulitaka kumchanja binti kama mtamba!"

Wodi ikacheka. Masanja naye akacheka, kwa mazoea ya mtu anayependa utani, halafu kicheko kikaishia usoni mwake bila yeye kujua akipeleke wapi. Evod akaona, akavuta shuka. "Nisamehe, mzee wangu. Mdomo huu."

Mariana alitoka kupiga simu Dar. Waliisikia sauti yake kwenye korido, inapanda, inashuka, inasema ndiyo daktari, ndiyo, iliganda kabisa. Aliporudi alisema chupa nyingine haipo rafuni, inaagizwa, na haijulikani itafika lini. Kwa sasa Nyamizi atarudishiwa vile vidonge vya kutetemesha, na atatolewa damu kuangalia figo inaendeleaje.

"Na ikianza kukataa?" aliuliza Masanja.

"Tutaona kwenye damu."

"Mkiona mtafanya nini?"

"Atapelekwa Dar. Wanaweza kujaribu dawa kali zaidi. Wakati mwingine inatulia."

Masanja alisimama. Alianza kufungua vifungo vya shati, taratibu, kuanzia juu, mpaka kovu lake likaonekana ubavuni.

"Ile nyingine ipo," alisema. "Andikeni."

"Baba, funga shati."

"Nasema ipo, nzima. Mlinipima nyie wenyewe."

"Hiyo ndiyo unayoishi nayo, baba yangu. Hakuna daktari atakayeigusa."

"Mimi nimeshaishi."

Mariana alimtazama Nyamizi kumwomba msaada. Nyamizi alitazama sakafu. Alitaka kuinuka, amfunge baba yake vifungo kimoja kimoja, amwambie twende nje. Hakuinuka. Sindano ya kutoa damu ilikuwa tayari mkononi mwake, na baba yake akabaki amesimama katikati ya wodi, shati wazi, mpaka alipochoka mwenyewe.

Walikaa Viwanja Sitini, mtaa wa hapo Ifakara, kwa Rosemery, binti wa mjomba, wakisubiri chupa. Masanja hakujua kukaa. Asubuhi alikohoa mlangoni, akabonyeza mguu, kishimo kikabaki, akasema, "Haya, amka." Kisha akafagia uwanja wa Rosemery ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Kisha akaenda stendi kuuliza kila basi la kutoka Dar, hata yale ambayo Mariana alimwambia hayabebi mizigo ya hospitali. Rosemery alimpa redio asikilize, akaizima.

Ngusa alipiga simu kutoka Mkula, sauti yake ikasikika chumba kizima.

"Ni yule mama wa samaki! Nani alimtuma akubali dawa ya mtu ilale na kambale? Nikimkuta pale barabarani tutaelewana!"

Masanja aliishikilia simu mbali kidogo na sikio, akaitazama. Nyamizi aliyekuwa akichambua mchele alimtazama na kusubiri, akaona midomo ya baba yake inafumbuka na kufumba.

Kesho yake Serafina mwenyewe alifika. Alikuja Ifakara kuchukua samaki, akauliza nyumba mpaka akafika, kanga imelowa, ndizi mbivu mkononi. Hakukaa hata kwenye kiti alichovutiwa.

"Nilimwambia," alisema, akimtazama Rosemery kwa kuwa hakuweza kuwatazama wengine. "Nilimwambia weka huku kwenye soda, dawa za watu huwa naona zinakaa kwenye friji, hata za mtoto wa dada yangu mwenye sukari. Akaniambia, Mpogoro, wewe ujuzi wako ni kukaanga. Nikacheka! Nikainua kifuniko!" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ningekaza, jamani. Ningekaza tu kidogo."

"Usilie," alisema Masanja. "Ulisema. Sikukusikiliza."

Akachukua simu, akampigia Ngusa, akamwambia asimguse mama wa watu, aliyeamua ni yeye. Akakata kabla Ngusa hajajibu. Halafu akala ndizi moja ya Serafina, kwa adabu, na ilionekana jinsi inavyomshinda kumeza.

Chupa ilifika. Masanja ndiye aliyeliona basi kwanza, na kondakta alipomnyooshea kasha alirudi nyuma, mikono amefumbata kifuani.

"Mpe binti," alisema.

Nyamizi alilipokea. Ndani ya bajaji alilipakata, na baba yake alikaa amebanana ukingoni mwa kiti ili asiliguse hata kwa goti. Mariana aliitoa chupa, akaiinua dirishani, ikawa safi, maji matupu yanayochezacheza. Akaitundika. Matone yakaanza kushuka. Hakuna aliyesimulia habari za ng'ombe. Evod alikuwa amesharuhusiwa, na kitanda chake kilikuwa na mtoto aliyelala.

Vipimo vya kwanza vilikuwa vibaya. Vya pili, baada ya dawa kuingia, vilikuwa vibaya zaidi. Mariana aliyasoma majibu akiwa amesimama, akasema, "Sumu kwenye damu imepanda," na daktari kijana aliyekuwa zamu akaeleza kwamba pengine mwili ulipata nafasi wakati ngozi haipo. Alisema ngozi kweli, kwa sababu Masanja alikuwa ameshamfundisha. Pengine dawa mpya itauzuia. Pengine imechelewa. Watapima mara moja zaidi, na ikiendelea hivyo, Dar.

"Kuna kitu tufanye huku tukisubiri?" aliuliza Masanja.

"Anywe dawa zake. Apumzike."

"Mimi. Nauliza mimi nifanye nini."

Daktari alifikiri kwa dhati, alikuwa kijana mwema. "Hakuna, mzee."

Siku ya kipimo walikaa kwenye benchi nje ya maabara. Damu ilikuwa imeshaingia ndani. Mvua ilikuwa imekatika na jua la adhuhuri lilikuwa linavukiza uwanja. Wanawake walianika nguo za wagonjwa wao kwenye michongoma. Mikono ya Nyamizi ilitetemeka kwa vidonge, akaikalia. Miguu yake ilikuwa imejaa, kandambili zimembana, na wote wawili walikuwa wakitazama mbali nayo.

Baba yake alikuwa amezeeka tangu barabara ifunguke. Siku zote Nyamizi alipomtazama mtu huyu alimwona amekwisha kujua: mvua itanyesha lini, ndama atakaa vipi tumboni, nani anadanganya mnadani. Maisha yake yote hakuwahi kumuuliza kitu, kwa sababu majibu yalikuwa yanakuja kabla. Sasa alikaa hapo, viganja juu ya magoti, akiutazama mlango wa maabara kama wanavyoutazama watu wengine wote.

Sauti ya Nyamizi ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Baba. Unafikiri itanikubali?"

Masanja hakugeuka. Mtu mmoja akatoka maabara na karatasi, haikuwa yao, akapita.

"Ingekuwa ng'ombe, mama, ningekwambia," alisema. "Hii siijui."